Namba iliyoandikwa kwenye VTX siyo lazima iwe ndiyo inayotoka: tuzungumzie kipimo cha nguvu ya redio

Kimamba RC (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wenzangu wanaorusha ndege za rimoti na droni za FPV, hasa mnaorusha kwa kutazama kwenye miwani. Nataka kueleza jinsi kipimo kidogo cha mkononi kilivyonionyesha kosa nililohangaika nalo miezi minne, halafu tujadiliane namna ya kukitumia bila kuunguza vifaa.

Ndege yangu ni bawa la povu, upana wake kama mita moja. Ninarushia Kimamba, wilaya ya Kilosa, upande wa mashamba ya mkonge ambako hakuna nyumba. VTX, yaani kile kirusha video kilichomo ndani ya ndege, imeandikwa 600 mW, yaani miliwati 600. Lakini kila nikifika mita 400 picha inaanza kujaa chenga, na nikisogea kidogo tu ni giza. Mara ya tatu ndege ikaanguka katikati ya mkonge. Aliyewahi kuingia humo anajua, ule mwiba wa ncha ya jani unapenya suruali ya jinzi bila shida. Niliitafuta saa mbili na nikatoka na damu mpaka magotini.

Nilibadilisha antena ya ndege. Nikabadilisha ya miwani. Nikaweka kapasita kwenye waya wa betri nikidhani ni kelele za mota. Mwisho nikanunua VTX nyingine ya wati 1. Nikapata mita kama mia moja zaidi, basi. Fedha zote hizo kwa mita mia.

Ndipo rafiki yangu akaniazima kipimo cha nguvu ya redio. Ni kidude cha kuenea kiganjani, juu kina soketi ya SMA, ile ya kufungia antena kwa skrubu, mbele kioo. Unachomoa antena ya VTX, unaunganisha kipimo mahali pake, kinakusomea nguvu inayotoka kwa dBm (desibeli kuanzia miliwati 1) na kwa miliwati. Nikarudisha ile VTX ya kwanza, ya 600, nikaweka chaneli ya 5800 MHz, nikawasha.

Kioo kikasoma 18.4 dBm. Hiyo ni kama miliwati 69.

Nikazima, nikaacha ipoe, nikapima tena: 18.3. Sasa kati ya VTX na soketi ya antena nyuma ya ndege kuna kawaya kembamba chenye kichwa kidogo cha kubana, U.FL. Kawaya hako nilikuwa nimekahamisha kutoka VTX moja kwenda nyingine, ndiyo maana ile ya wati 1 nayo haikunisaidia kitu. Nikaweka kapya. Kioo kikasoma 27.1 dBm, yaani miliwati 513. Haijafika 600, lakini hii sasa ni VTX.

Nikakichukua kile kichwa cha zamani nikakitazama kwa lenzi ya fundi saa. Pete yake ya nje ilikuwa imepanuka upande mmoja, na ile sindano ya katikati imeinama kidogo mno, kwa macho ya kawaida huioni. Vichwa vya aina hiyo vimetengenezwa kuchomekwa na kuchomolewa mara kama 30 tu. Mimi nilishapita huko zamani kwa kuchomoa kila nikifanya ukarabati.

Tofauti ya 18.4 na 27.1 ni desibeli 8.7. Umbali unaongezeka mara mbili kwa kila desibeli 6, kwa hiyo 8.7 ni karibu mara 2.7. Wiki iliyofuata nilirudi Kimamba na mwenzangu wa kuitazama ndege kwa macho. Nilifika mita 900 na picha bado safi, nikageuza mwenyewe kwa hiari.

Wenye kipimo, au wanaofikiria kununua, karibuni.

Mgeni wa Anga

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi bado mwanafunzi. Naomba unieleweshe hizo dBm, kila nikisoma naona kiza. Na kwa nini wengine wanasema ukiunganisha VTX moja kwa moja kwenye kipimo unakiua?

Kimamba RC

Karibu sana mdogo wangu. Shika vitu vitatu tu. 0 dBm ni miliwati 1. Ukiongeza 10, nguvu imekuwa mara kumi. Ukiongeza 3, nguvu imekuwa mara mbili. Kwa hiyo 10 dBm ni miliwati 10, 20 ni 100, 30 ni 1,000 ambayo ni wati moja. 23 ni 200, kwa sababu ni 20 ukiongeza 3. Na 14 ni 25, ambayo utakutana nayo sana kwa kuwa ndiyo kiwango cha chini kwenye VTX nyingi. Ukizoea wiki moja hutahitaji tena kikokotoo.

Kuhusu kukiua, walikwambia kweli. Ndani ya vipimo vingi vya namna hii kuna chipu inayogeuza nguvu ya redio kuwa volti, mfano AD8317 au AD8318 za Analog Devices. Hiyo AD8318 volti yake inashuka kama milivolti 25 kwa kila desibeli moja inayoongezeka, na kioo kinaitafsiri tu. Ni chipu nzuri, inasikia nguvu ndogo mno, lakini ukomo wake ni takriban 12 dBm, yaani miliwati 16. Unaona sasa? Hata VTX ya 25 mW inaizidi.

Ndiyo maana katikati kunawekwa atenyueta, kile kipande cha chuma cha mviringo kilichoandikwa 30 dB au 20 dB. Ya 30 inapitisha sehemu moja katika elfu. Miliwati 600 zikiingia, zinazofika kwenye kipimo ni 0.6, na nyingine zote zinageuka joto humo ndani. Iguse baada ya dakika mbili utalisikia. Halafu unakiambia kipimo kwenye menyu kwamba nimeweka 30, nacho kinajumlisha chenyewe. Vipo vipimo vyenye kinga ndani tayari, kwa hiyo soma ukomo ulioandikwa kwenye chako kabla ya kuunganisha chochote. Na atenyueta yenyewe ina ukomo wa wati, ya wati 2 usiiwekee VTX ya wati 2 na nusu.

Atenyueta ndiyo kitu cha kwanza kufunga na cha mwisho kufungua. Mimi yangu haitoki kabisa, nimeizungushia tepu.

Fundi Antena

Mleta uzi umefafanua vizuri. Naongeza la soketi, maana limeniuma.

Kuna SMA na kuna RP-SMA. Kwa nje ni kitu kimoja, nyuzi za skrubu zinakubaliana kabisa, na ndipo hatari ilipo. Tofauti iko katikati, kwenye sindano na tundu. Droni yangu moja ilikuwa na RP-SMA, yaani soketi ya nyuzi za nje lakini yenye sindano. Nikatafuta cha kuunganishia kwenye haraka, nikaunganisha vichwa viwili ambavyo vyote katikati vina tundu. Vimefungana vizuri, vimekaza. Kipimo kinasoma namba ndogo isiyo na maana. Nikakaa nabonyeza menyu dakika nzima nikidhani ni mipangilio. Muda wote huo VTX ilikuwa inarusha kwenye hewa, haina antena, haina kipimo, nguvu inairudia yenyewe. Ilikufa hapohapo, na ilikuwa na siku tatu tangu niipokee.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujafunga, tazama katikati. Sindano upande mmoja, tundu upande wa pili. Ukiona tundu na tundu, au sindano na sindano, acha.

Msafiri254

Salamu kutoka Nakuru. Nimefuata huu uzi kwa makini sana. Mimi nina swali tofauti. Nimenunua kipimo cha bei nafuu na atenyueta ya 30 nikainunua pembeni. VTX yangu ya 400 inanisomea 29.5 dBm, hiyo ni kama 890 mW. Marafiki wananiambia nimebahatika. Mimi siamini. Shida ni kipimo ama?

Fundi Antena

Kaka hujabahatika, na ni vizuri hukuamini. Tazama ubavuni mwa hiyo atenyueta, pameandikwa mpaka masafa gani?

Msafiri254

DC-3GHz.

Fundi Antena

Ndiyo hiyo. Imetengenezwa kwa masafa ya mpaka 3 GHz, wewe unaitumia 5.8. Huko juu hairuhusiwi kudai kwamba inapunguza 30. Inaweza kuwa inapunguza 26 au 27, na kipimo chako kinajumlisha 30 kwa uaminifu kama ulivyokiambia. Zile desibeli 3.5 za ziada zimetoka hapo. Tafuta iliyoandikwa DC-6GHz au zaidi.

Kama una nyingine unayoiamini, hata ya 20, unaweza kuipima hii. Weka VTX kwenye 25 mW, ambayo ni 14 dBm. Kiambie kipimo hakuna atenyueta kabisa, yaani menyu iwe 0. Unganisha kwa ile ya 20 unayoiamini, kitasoma karibu na -6. Sasa ongeza hiyo yenye shaka kwenye mstari, zifuatane. Ikisoma -36 ni nzima. Ikisoma -32.5, basi thamani yake halisi kwenye masafa hayo ni 26.5. Iandike kwa kalamu ya wino mzito juu yake na uingize 26.5 kwenye menyu. Bado utaitumia.

Msafiri254

Nimefanya sasa hivi na ya 20 ya jirani yangu wa redio. Bila yangu imesoma -6.2. Nilipoiongeza, -32.9. Kwa hiyo ni 26.7. Nikiingiza hiyo, VTX inasoma 26.2 dBm. Hiyo ni kama 417 mW. Nimefurahi sana, asanteni.

Kimamba RC

Safi kabisa. Na usisahau kuweka masafa sahihi kwenye menyu kila ukibadilisha kifaa. Ile chipu haisikii 2400 na 5800 kwa usawa, kipimo kina jedwali la masahihisho ndani, na jedwali linafuata masafa uliyochagua wewe. Ukiacha 2400 halafu ukapima VTX ya 5800, kioo kitakupa namba nzuri yenye desimali na itakuwa si kweli.

Rubani wa Jumapili

Naomba nitoe maoni tofauti. Mimi nimerusha miaka sita sijawahi kumiliki kitu hicho. Napeleka ndege mbali polepole, chenga zikianza narudi. Uwanja ndio kipimo changu. Fedha ya kipimo ni betri tatu nzuri za lipo. Kwa kijana anayeanza, huu ushauri unaweza kumpoteza.

Kimamba RC

Mkuu heshima yako, na hoja yako naipokea. Mwenye fedha ya kitu kimoja anunue betri. Hata mimi nilianza kwa kuazima, na ningependa kila kundi la warushaji liwe na kipimo kimoja cha wote. Unakitumia mara mbili kwa mwezi, hakuna haja kila mtu awe nacho.

Lakini uwanja unakwambia picha imekatika. Haukwambii imekatikia wapi. Mimi niliupima uwanja mara nyingi sana, ndiyo maana nina makovu ya mkonge. Kila nilichobadilisha nilikibadilisha kwa kubahatisha, na kosa lilikuwa kwenye kawaya ka bei ya soda.

Liko na jambo la joto, ambalo uwanjani linajificha. Baada ya kuweka kawaya kapya niliiacha VTX mezani bila feni, nikaandika kila dakika. Imeanza 27.1. Dakika ya kwanza 26.8. Ya tatu 25.8, ambayo ni miliwati 380. Dakika ya tano ikajishusha yenyewe mpaka 14, kinga ya joto imeingia. Nilipoielekezea feni ndogo ya kompyuta ikakaa 26.9 muda wote. Sasa fikiria mtu anayewasha ndege chini, juani saa saba mchana, anasubiri GPS ipate satelaiti dakika nne, halafu anaruka. Anapaa na nguvu ya miliwati 25 bila kujua. Tangu hapo ninaanza na nguvu ya chini kabisa, naongeza kwa swichi baada ya kupaa wakati upepo unapoza.

Tanga Pwani

Kwa sisi wa pwani ongezeni chumvi. Ninarusha karibu na bahari, soketi za SMA zinaota ukungu wa kijani kwa muda mfupi sana. Nilipima kifaa kimoja kabla na baada ya kukisafisha kwa spiriti na mswaki laini. Kabla 21.9, baada 23.0. Desibeli moja na ushee imekaa kwenye uchafu. Siku hizi nafunika soketi kwa vifuniko vya mpira nikirudi nyumbani.

Nina swali kuhusu rimoti. Nimeweka moduli ya ELRS, ile inayopeleka amri za rimoti kwenye ndege, ya 2.4 GHz kwenye 100 mW, kipimo kinacheza kati ya 16 na 17.5 dBm. Nimeibiwa nusu?

Fundi Antena

Hapana ndugu, hujaibiwa. VTX ya analogi inarusha mfululizo bila kupumua, ndiyo maana kuipima ni rahisi. ELRS inarusha pakiti, inanyamaza, inarukia chaneli nyingine, na mara nyingine inanyamaza kabisa ili isikilize telemetri, yaani taarifa zinazorudi kutoka kwenye ndege. Kipimo kikichukua wastani, kinajumlisha na ule ukimya. Nenda kwenye menyu utafute kipimo cha kilele badala ya wastani. Ukikiweka hapo itakaa karibu na 20. Na zima ile mipangilio ya nguvu inayojibadilisha yenyewe, la sivyo moduli itashuka mpaka 10 mW kwa kuwa ndege iko mezani karibu, na wewe utadhani imekufa.

Video ya dijitali nayo ina vilele vingi juu ya wastani, kwa hiyo usilinganishe namba yake na ya analogi moja kwa moja. Ilinganishe na yenyewe, ya mwezi uliopita.

Rimoti ambayo antena yake haifunguki, usiifungue kwa ajili ya kupima.

Tanga Pwani

Kilele kimesoma 19.8. Moyo umetulia.

Mgeni wa Anga

Kwa hiyo nikiwa na antena isiyofunguka sina namna?

Kimamba RC

Ipo, ila hiyo ni ya kulinganisha tu, namba yenyewe usiishike. Funga antena kwenye kipimo, kiweke juu ya kiti cha plastiki uwanjani, mbali na bati na gari. VTX iweke mita 2 kutoka hapo kwa 200 mW, wewe simama nyuma kwa sababu mwili wako unameza mawimbi. Kwa 5.8 GHz, mita 2 za hewa peke yake zinakula karibu desibeli 54, kwa hiyo usishtuke ukiona -28. Andika, kisha badilisha antena ya kipimo bila kusogeza kitu kingine.

Kwa njia hii tulimsaidia mwenzetu mmoja ambaye picha yake ilikuwa mbovu tangu anunue miwani. Antena ya ndege ilikuwa RHCP, inayozungusha mawimbi kulia, ya miwani LHCP, kushoto. Kwa nje zote ni uyoga mweusi. Tulipoweka mbili za aina moja kipimo kilisoma -28, tulipozichanganya kikasoma -45.

Rubani wa Jumapili

Hiyo ya mwisho imenigusa. Nina antena nne kwenye boksi, mbili hazina alama. Mnakutana lini?

Kimamba RC

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mkuu, karibu sana, zije zote nne. Mwezi uliopita tulikuwa na droni sita mezani, zote zimewekwa 25 mW kwa ajili ya kushindana. Kwa miliwati zilisoma 19, 23, 26, 31, 48 na 112. Mwenye 112 hakuwa na nia mbaya, jedwali la VTX kwenye Betaflight, ile programu inayoendesha droni, lilikuwa la modeli nyingine, akichagua 25 inatoka kitu kingine kabisa. Ila ndiye aliyekuwa akiwajazia wenzake chenga kila akipita karibu, na alikuwa amelaumiwa msimu mzima kwamba anaongeza nguvu makusudi. Tulimwomba radhi palepale.

Tulipima na chaneli pia. Raceband, yaani lile kundi la chaneli za mashindano, R1 mpaka R8, inaanzia 5658 MHz na kuishia 5917, lakini bendi ya wazi ya 5.8 GHz ni 5725 hadi 5875. Kwa hiyo R3 mpaka R6 ndizo zilizomo ndani, na sisi tunagawana hizo tu. Wanne hewani, wawili wanasubiri. Kwa Ulaya hapo ukomo ni 25 mW pamoja na faida ya antena, yaani inavyokusanya nguvu upande mmoja. Kwetu ulizeni TCRA kuhusu masafa na TCAA kuhusu kibali cha kurusha kabla ya kuongeza chochote.

Mgeni wa Anga

Kaka nimeazima kipimo chuoni leo. Nimetazama sindano na tundu kwanza, nikafunga atenyueta, nikaweka 5800, nikawasha nikiwa na feni. VTX ya 200 imesoma 22.6. Nimeandika kwenye tepu nyeupe na tarehe, nimeibandika chini ya droni.

Kimamba RC

22.6 ni miliwati 182. Ruka nayo. Ukianguka vibaya, au ukichomoa kile kichwa kidogo, pima tena ulinganishe na hiyo tepu.